Ugonjwa unaofuata ukoo: marudio ya DNA, laana, na kazi ya kanisa

Katika vyumba vya maombi vya mji wetu wa Bukavu, kuanzia Panzi mpaka Bagira, kuna habari ambayo watumishi huletewa tena na tena, na karibu kila mara ina umbo lile lile. Babu alianza kutikisika alipofikisha miaka 60. Baba alianza akiwa na miaka 45: kwanza hasira zisizo na sababu, halafu vikombe vikamponyoka mikononi, halafu mwendo kama wa mtu anayecheza ngoma ambayo wengine hawaisikii, mwisho akalala kitandani hawezi kumeza. Sasa mwana mwenye miaka 30 ameanza. Familia inauliza: nani ametufunga? Na mara nyingi jibu huwa tayari kabla hawajafika kwetu. Ni laana ya ukoo, na inazidi kwa sababu haijakatwa.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya wachungaji, mashemasi, mama wa maombi na familia zenyewe. Msimamo wetu tunausema mapema. Familia za namna hii zimeona jambo la kweli: yapo magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu yanayofuata damu, na baadhi yake huja mapema zaidi kizazi hata kizazi. Wameona vizuri. Maelezo waliyopewa ndiyo yenye kosa, na kosa hilo limeumiza watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe.

Maandishi ya herufi nne

Ndani ya kila chembe hai ya mwili, ambayo wataalamu huiita seli, kuna maandishi marefu yaitwayo DNA. Yameandikwa kwa herufi 4 tu, A, C, G na T, na seti moja ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Kila mmoja wetu alipokea seti moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, zikiwa zimefungwa katika mafungu yanayoitwa kromosomu, 23 upande huu na 23 upande ule. Sehemu za maandishi hayo zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini za mwili ndizo jeni, na binadamu anazo kama 20,000 za aina hiyo.

Jambo linaloshangaza ni kwamba karibu nusu ya maandishi yote ni marudio ya namna moja au nyingine. Mengine ni marefu, mengine ni mafupi sana: herufi 2, 3 au 6 zinazojirudia mfululizo, kama CAGCAGCAG. Marudio yenyewe si ugonjwa, na hakuna mtu asiye nayo. Kwenye ncha za kromosomu zetu herufi TTAGGG zimerudiwa maelfu ya mara, na kazi yake ni kulinda ncha hizo zisichakae, kama kile kiplastiki cha mwisho wa kamba ya kiatu. Na kwa kuwa idadi ya marudio mafupi hutofautiana kati ya mtu na mtu, maabara huyahesabu ili kujua baba wa mtoto ni nani, au mwili uliookotwa ni wa nani.

Shida huanza pale marudio fulani, mahali fulani, yanapozidi kipimo. Sisi tuliopita katika shule ya theolojia tunao mfano wa karibu. Tulifundishwa kwamba wanakili wa zamani, walipokuwa wakinakili Maandiko kwa mkono, mara nyingine waliandika neno moja au mstari mmoja mara mbili kwa kuwa jicho lilirudi pale pale. Hawakuwa na nia mbaya. Sasa fikiria mnakili aliyepewa mstari wenye neno moja lililorudiwa mara 45. Hesabu itampotea. Seli nayo hunakili DNA yake, na ikifika kwenye marudio marefu uzi wa DNA huteleza, hujikunja kitanzi, na mafundi wa seli wanaokuja kurekebisha huishia kuongeza. Marudio 18 hunakiliwa kwa uaminifu kutoka babu hadi kitukuu. Marudio 45 hayana utulivu, na kadiri yanavyorefuka ndivyo yanavyozidi kuteleza.

Tangu mwaka 1991, jeni za kwanza za aina hii zilipotambuliwa, wanasayansi wamepata magonjwa zaidi ya 40 yanayotokana na marudio yaliyorefuka. Mengi yake hushambulia ubongo, uti wa mgongo, mishipa ya fahamu au misuli. Ugonjwa mmoja unatosha kuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda.

Ugonjwa wa Huntington

Mwaka 1872 daktari kijana wa Marekani, George Huntington, mwenye miaka 22, aliandika juu ya familia alizozijua kisiwani Long Island. Baba yake na babu yake walikuwa madaktari pale pale, kwa hiyo aliweza kutazama vizazi kadhaa vya wagonjwa. Aliona mambo ambayo bado ni kweli: ugonjwa huja utu uzimani, huvuruga akili pamoja na viungo, na mtoto ambaye hakuupata hawapi watoto wake.

Ilichukua zaidi ya karne moja kujua sababu. Mtafiti Nancy Wexler, ambaye mama yake alikufa kwa ugonjwa huo mwaka 1978, alienda na wenzake Venezuela, katika vijiji vya wavuvi kando ya ziwa Maracaibo, ambako ukoo mmoja mkubwa una wagonjwa wengi kuliko mahali popote panapojulikana. Walichora mti wa ukoo wenye maelfu ya watu na kuchukua damu. Mwaka 1983 waligundua kwamba jeni iko kwenye kromosomu ya 4. Mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana, na ndani yake marudio ya CAG.

Hesabu yake ni hii. Mtu mwenye marudio 26 au chini hana tatizo. Kati ya 27 na 35 mwenyewe haugui, ila yanaweza kurefuka kwa mtoto. Kati ya 36 na 39 wengine huugua na wengine hapana. Kuanzia 40 na kuendelea mtu ataugua kama ataishi miaka ya kutosha, na wengi huanza kati ya miaka 30 na 50. Zaidi ya 60, ugonjwa unaweza kuanza utotoni au ujanani. Tangu dalili zianze, mtu huishi kwa kawaida miaka 15 hadi 20.

Nakala moja yenye kasoro inatosha kuleta ugonjwa, hata kama nakala ya mzazi wa pili ni nzima. Ndiyo maana kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu, kama sarafu inayorushwa. Na sarafu hurushwa upya kwa kila mimba. Katika nyumba yenye watoto 6 wanaweza kuugua 3, au 5, au asiugue hata mmoja. Wala haihusiani na nani anafanana na baba kwa sura, jambo ambalo familia nyingi huliamini.

Kwa nini basi mjukuu anaanza mapema kuliko babu? Kwa sababu ya ule mnakili. Marudio ya CAG huelekea kurefuka zaidi yanapopita kwa baba, wakati mbegu za kiume zinapotengenezwa. Babu alikuwa na 41, baba 44, mwana 52. Kinachoonekana kama laana inayozidi nguvu ni hesabu ya herufi inayozidi kukua.

Kuna jambo jingine lililofafanuliwa hivi karibuni. Watu wengi huuliza: kama mtu alizaliwa nayo, kwa nini alikuwa mzima hadi miaka 40, akaoa, akazaa, akaimba kwaya? Utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa mwaka 2025 ulitazama seli za ubongo moja moja na kuona kwamba marudio huendelea kurefuka ndani ya ubongo wenyewe, polepole, kwa miaka mingi, bila seli kuonyesha dhiki. Yanapozidi kama 150 ndani ya seli fulani, seli hiyo huanza kuharibika na kufa. Miaka ya uzima ilikuwa uzima kweli. Hakuna mtu aliyemroga siku ya harusi au siku aliponunua kiwanja.

Je, uko kwetu?

Wapo wanaosema haya ni magonjwa ya wazungu. Si hivyo. Mwaka 1981 daktari Scrimgeour alichapisha makala katika jarida la kitabibu juu ya ugonjwa wa Huntington nchini Tanzania. Mwaka 2020 madaktari wa hospitali ya KCMC mjini Moshi waliandika tena juu ya familia ya Tanzania ya kaskazini yenye ugonjwa huu, na sehemu kubwa ya maandishi yao inahusu maswali ya dhamiri: nani aambiwe, lini, na nini kifanyike mahali ambapo hakuna tiba. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa yenye mizizi katika Kanisa la Kilutheri. Tunaitaja kwa makusudi. Hospitali ya kanisa ilikaa na familia, ikachora mti wa ukoo na kuuliza maswali magumu. Kazi hiyo inawezekana katika Afrika yetu.

Kuna pia ugonjwa unaofanana na Huntington kama pacha, ambao jeni yake iligunduliwa mwaka 2001. Marudio yake yako katika jeni nyingine, kwenye kromosomu ya 16, na karibu wagonjwa wote wanaojulikana ni wenye asili ya Kiafrika. Afrika Kusini wamepatikana wengi. Maana yake kwetu ni ya vitendo. Mkongomani mwenye dalili hizo akipimwa Huntington na kuambiwa hana, swali halijafungwa bado.

Ugonjwa mwingine unaotuhusu ni ule wa kromosomu X dhaifu, unaoleta uzito wa akili, hasa kwa watoto wa kiume. Hapa herufi ni CGG. Mtu wa kawaida ana chini ya 45. Zikizidi 200 jeni hunyamaza kabisa. Mama mwenye kiasi cha kati anaweza kuwa mzima machoni pa wote, na marudio yakarukia zaidi ya 200 kwa mtoto wake. Hapa Kongo ugonjwa huu umeshughulikiwa na watafiti wetu wenyewe: Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kituo cha jenetiki ya binadamu, na mwaka 2018 madaktari wa Lubumbashi walichapisha orodha fupi ya dalili inayomsaidia daktari asiye na maabara kubwa kuamua ni mtoto gani apelekwe kupimwa. Tunaona fahari kulisema hili. Kisha kuna ugonjwa wa Friedreich, unaoharibu mwendo na moyo wa vijana, ambao huhitaji nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Na mengine mengi ambayo hatutayaeleza hapa.

Si kila kinachoingia nyumba moja kimerithiwa

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu katika jimbo letu la Kivu ya Kusini kuna mtego.

Huko Burhinyi, katika wilaya ya Mwenga, watafiti wa Bukavu wameandika juu ya konzo. Mtu alikuwa mzima, mara miguu inakaza, na haiachii tena. Anaweza kuwa mama na watoto wawili wa nyumba moja, ndani ya msimu mmoja. Jirani akitazama atasema ni ukoo. Lakini konzo hairithiwi. Inatokana na muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, ukiliwa na watu wasiopata chakula cha kujenga mwili. Neno lenyewe ni la Wayaka wa Kwango, ambako daktari Trolli aliueleza ugonjwa huu mwaka 1938, na lina maana ya miguu iliyofungwa. Vita inapofukuza watu mashambani na njaa inapobana, muhogo hulowekwa usiku mmoja badala ya siku tatu au nne. Nyumba nzima imekula sufuria moja. Dawa ya kuzuia ni maji, siku, na maharagwe au sambaza pembeni mwa bugali.

Tofauti iko wazi kwa anayejua kuuliza. Konzo huja ghafla na haiendelei kuzidi. Huntington huja polepole na huzidi mwaka hadi mwaka. Konzo huwashika watoto na akina mama wa rika mbalimbali kwa wakati mmoja. Huntington hufuata mzazi na mtoto, kwa miaka iliyoachana.

Kadhalika mtoto wa shule anayeanza kurusharusha mikono na kukunja uso anaweza kuwa na ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo, ambao unaweza pia kugusa moyo. Huyo apelekwe hospitali juma lile lile. Akibakishwa kwenye mkesha wa siku 21, moyo wake unaweza kuharibika wakati sisi tunaimba. Kifafa, kaswende iliyofika kwenye ubongo, virusi vya ukimwi, baadhi ya dawa: yote haya yanaweza kuleta miendo ya ajabu, na mengi yana matibabu. Kwa hiyo neno letu la kwanza kwa familia lisiwe „ni wa kurithi“, kama lisivyopaswa kuwa „ni laana“. Liwe „twende kwa daktari“.

Laana ya ukoo

Wanaohubiri laana za ukoo hutumia Kutoka 20:5, ambapo Mungu anasema juu ya kupatiliza uovu wa baba kwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne. Andiko hilo lipo na hatulifichi. Lakini aya inayofuata inazungumza juu ya rehema kwa maelfu, na Ezekieli sura ya 18 nzima imeandikwa kuwajibu watu waliogeuza jambo hilo kuwa methali: baba wamekula kitu kikali na meno ya watoto ndiyo yanaumia. Nabii anakataa. Yeremia 31 anakataa vile vile. Na wanafunzi walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, wakauliza kama ni dhambi yake au ya wazazi wake, Bwana Yesu alikataa uchaguzi wote wawili.

Tuseme pia jambo ambalo halihitaji Kigiriki. Kama ugonjwa ungekuwa hukumu juu ya uovu wa babu, tungetazamia ufuate haki: mwovu apate, mcha Mungu aponyoke. Katika ugonjwa wa Huntington hakuna dalili ya hivyo. Mapacha wasiofanana waliolelewa katika kanisa moja, mmoja anapokea nakala hii na mwingine ile. Mwizi anaponyoka na mwinjilisti anaugua. Sarafu haijui mahubiri.

Hatusemi kwamba maombi hayana kazi. Tunamwombea mgonjwa, tunampaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza, tunaamini Mungu anaweza. Tunachokataa ni kutafuta mchawi. Mwaka 2021 vyombo vya habari viliripoti mauaji ya wanawake, wengi wao wazee, katika vijiji vya jimbo letu kwa shutuma za uchawi. Waliowanyooshea kidole mara nyingi walikuwa bajakazi, wale wanaodai kufunuliwa nani ni mchawi. Katika familia yenye ugonjwa wa kurithi anayelengwa huwa bibi aliyebaki hai na mzima, au mkwe aliyekuja kutoka nje, au mtoto. Angalia uchungu wa jambo hili: bibi yuko hai na mzima kwa sababu yeye hakuwa wa damu ile, aliolewa tu. Uzima wake ndio unaofanywa ushahidi dhidi yake. Na kwa watoto, sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshutumu mtoto kwa uchawi. Mchungaji hana kinga mbele ya sheria hiyo.

Wengine husimulia kwamba hata Marekani wagonjwa wa Huntington walinyongwa kama wachawi katika karne ya 17. Daktari mmoja aliandika hivyo mwaka 1932, lakini watafiti waliokagua nyaraka baadaye waliona ushahidi ni dhaifu. Tuiache hadithi hiyo. Tuna za kwetu, na ni za kweli.

Yanayoangukia mikononi mwa kanisa

Ugonjwa huu huanza katika tabia kabla ya kuonekana mikononi. Mtu mpole anakuwa mkali. Anasahau alichopanga, anatumia pesa bila akili, anaingia katika huzuni nzito. Kisha anayumba. Katika makanisa yetu ambako pombe imekatazwa, mzee wa kanisa anayeyumba barabara ya Kadutu saa nne ya asubuhi ameshahukumiwa kabla hajafika nyumbani. Baraza linakaa, anawekwa chini ya nidhamu, anaondolewa kwenye meza ya Bwana, na mke wake anakaa benchi la nyuma kwa aibu. Tunawaomba wazee wa baraza, kabla ya barua ya nidhamu, waulize mambo mawili: je, kuna aliyesikia harufu ya pombe? Na je, mzazi wake alitembea hivi? Kama jibu la kwanza ni hapana na la pili ni ndiyo, barua isubiri.

Kufunga ni jambo la pili. Mgonjwa wa Huntington hukonda haraka, kwa sababu mwili wake hautulii na kumeza ni kazi. Kumfungisha siku 3 au 7 ili apate ukombozi ni kumpunguzia siku zake. Kinyume chake, ale mara nyingi kwa siku, chakula laini chenye nguvu: uji mzito wenye karanga, avoka, mawese, maharagwe yaliyopondwa. Akae wima anapokula, asiharakishwe, asisemeshwe akiwa na tonge kinywani. Wengi hufa kwa chakula kilichoingia mapafuni na kuleta homa ya mapafu. Mama wa kanisa wanaokuja kumtembelea wangefanya vema kujua jambo hili kuliko kuleta soda na mikate mikavu.

Dawa zipo za kupunguza miendo, hasira na huzuni, ingawa haziondoi ugonjwa. Haloperidol, kwa mfano, ni dawa ya zamani inayojulikana, lakini daktari ndiye aamue kama inafaa na kwa kiasi gani. Mwezi Septemba 2025 kampuni ya uniQure ilitangaza kwamba tiba ya jeni inayoingizwa ndani ya ubongo kwa upasuaji ilipunguza sana mwendo wa ugonjwa; wagonjwa walikuwa wachache, na tiba ya namna hiyo haitafika Bukavu kesho. Tunaitaja ili mtu asije akauza kiwanja chake kwa tapeli anayeuza chupa kwa jina hilo.

Hatari ya kujiua ni kubwa kwa wagonjwa hawa, hasa mwanzoni na wakati wanapoanza kushindwa kujitegemea. Mtu akisema amechoka kuishi, asijibiwe kwa aya moja na kuachwa. Mji wetu una kituo cha afya ya akili cha SOSAME, kinachoendeshwa na watawa Wakatoliki. Mwamini wa Kiprotestanti anapokelewa pale kama mwingine yeyote.

Swali gumu kuliko yote ni la ndoa na kipimo. Makanisa mengi huomba cheti cha damu kabla ya kubariki harusi, na tumesikia wenye nia njema wakiuliza kama tuongeze na kipimo cha jeni. Hapana. Kipimo cha Huntington kwa mtu asiye na dalili humwambia jambo ambalo hawezi kulibadilisha, na hawezi kulisahau. Desturi ya madaktari duniani ni kwamba mtu mzima huchagua mwenyewe, baada ya kushauriwa vizuri, na watoto wasio na dalili hawapimwi. Wengi walio hatarini huchagua kutojua. Nancy Wexler mwenyewe, aliyesaidia kuipata jeni, hakusema hadharani mpaka mwaka 2020 kwamba anao ugonjwa huo. Kanisa lisidai kwa waumini wake kile ambacho hata yeye alikiweka moyoni kwa miaka mingi.

Hata hivyo, anayejua kwamba baba yake alikufa kwa ugonjwa huu amwambie mchumba wake kabla ya mahari kupelekwa. Hili ni oni letu, na tunajua si wote watalipokea. Mchungaji anaweza kuwepo, anaweza kusaidia maneno, lakini asiseme kwa niaba yake, wala asiwaambie wazazi wa binti kwa siri. Tumeona familia zikivunjika kwa sababu siri ilitokea kwa mtu asiyehusika. Na wachumba wakiamua kuoana wakijua yote, tuwabariki bila kuwatisha. Watoto wao nao ni watoto wa Mungu, na nusu kwa nusu si hukumu ya wote.

Mwezi Mei 2017 Papa Fransisko alizipokea Roma familia za wagonjwa wa Huntington, nyingi kutoka Amerika ya Kusini, akawasalimia mmoja mmoja mbele ya kamera. Sisi si wa kanisa lake, lakini tunatambua uzito wa tendo hilo kwa watu waliokuwa wakifichwa vyumba vya nyuma.

Kabla ya kwenda hospitali

Familia ianze kwenye kituo cha afya, na kutoka hapo iombe kutumwa katika hospitali ya rufaa ya jimbo au hospitali ya Panzi, ambayo tangu mwaka 1999 iko chini ya ndugu zetu wa CEPAC. Kipimo cha marudio ya DNA si cha darubini, wala si cha maabara ya kawaida ya mtaani, kwa hiyo mwenye kutoa majibu ya jeni siku hiyo hiyo kwa dola kadhaa asiaminiwe.

Kitu kimoja kinaweza kuandaliwa nyumbani, bila gharama, na daktari atakithamini: karatasi yenye mti wa ukoo. Wazee waitwe, wakumbuke. Kila mtu aandikwe kwa jina, jinsia, mwaka aliozaliwa, kama aliugua, alianza akiwa na umri gani, alianza na dalili gani, alikufa lini na kwa nini. Waandikwe pia wazima waliozeeka wakiwa wazima, kwa sababu hao nao wanaeleza ugonjwa umepita njia gani. Waliokufa vitani au kwa kipindupindu kabla ya miaka 30 watiwe alama, maana hatujui kama wangeugua. Waliozaliwa nje ya ndoa nao waandikwe. Hapo ndipo wazee hunyamaza, na hapo mchungaji anaweza kusaidia kwa kusema kwamba karatasi hii haiendi mbele ya baraza la kanisa. Ikikamilika, inabaki mikononi mwa familia. Sisi hatuhifadhi nakala ofisini.